Nani kampandisha presha mke wangu?

Nesi alimfunga mke wangu mkanda wa kipimo mkononi, akabonyeza kitufe, mashine ikaanza kunguruma. Mke wangu naye akaanza. Alimweleza nesi kwamba yeye hana presha, ila huwa inampanda akiudhiwa. Hakuishia hapo, akamtaja na mwenye kuudhi: "Huyu hapa, dada. Presha yangu ndiyo hiyo imekaa kwenye benchi." Kwenye benchi nilikuwa mimi, nimemshikia mkoba wake.

Mashine ikaandika 172 kwa 106.

Nesi hakucheka wala hakunitazama. "Mama, hebu tunyamaze kidogo. Miguu usiipishanishe. Mkono uweke hapa mezani, uwe usawa wa moyo. Umetoka haja ndogo? Basi tukae kimya dakika tano, halafu turudie." Tukakaa. Dakika tano za ukimya ni nyingi sana kwa ndoa ya miaka ishirini na mbili. Aliporudia, namba zikaja 158 kwa 98. Zilikuwa zimeshuka, lakini bado ziko juu, kwa sababu kikomo wanachokitumia ni 140 kwa 90.

"Umeona?" mke wangu akanigeukia. "Nikinyamaza inashuka. Sasa anayenisemesha ni nani?"

Ili kuleta amani, nesi akanipima na mimi. Nikapata 124 kwa 80. Nilidhani nimejitetea, kumbe nimejifunga. "Si unaona, dada? Yake imetulia. Zote kanihamishia mimi."

Tulikuwa tumekwenda pale kwa sababu akina mama wa VICOBA yao walikubaliana kwamba kila mmoja apime afya kabla ya mzunguko mpya wa mikopo, baada ya mwenzao mmoja kuanguka akiwa bado na deni. Sababu hiyo haina huruma sana, lakini imewafikisha kliniki wanawake wengi kuliko mabango yote niliyowahi kuyaona ukutani. Tangu siku ile nimekuwa nikilitegea sikio neno presha. Nimefika mahali naamini kwamba kitu kimoja kinachotuzuia kuutibu ugonjwa huu ni kitenzi.

Kwetu presha hupanda. Hata mtu akikwambia "mimi nina presha", ukimuuliza ni vipi atakujibu "huwa inanipanda". Na Kiswahili kikishasema kitu kimepanda, mambo mawili yanafuata yenyewe. La kwanza, kilichopanda kitashuka. Bei hupanda na kushuka, maji ya bahari hupanda na kushuka, na hasira vilevile. La pili, palipo na kupanda pana kupandisha, na palipo na kupandisha pana mtu. Ndiyo maana "usinipandishe presha" tunamwambia mtoto aliyevunja kikombe, dalali anayebadilisha bei ya chumba, na mshabiki wa Yanga anayepita mbele ya kijiwe cha Simba siku ya Jumapili. Ugonjwa wa mishipa ya damu umegeuka kesi, na kesi lazima iwe na mshitakiwa. Mara nyingi mshitakiwa ni mwenza. Wanaume nao hawajambo: keti kwenye kijiwe chochote cha kahawa, utasikia ni wangapi wanaosema presha zao zimeletwa na wake zao.

Nikiri kwamba mke wangu hakusema uongo. Kuongea wakati unapimwa kweli huongeza namba. Kibofu kilichojaa huongeza, na miguu iliyopishanishwa pia. Hasira huongeza, kukimbilia daladala huongeza, na mtu akilala usingizi mzuri inashuka. Presha ya kila binadamu inacheza mchana kutwa. Lakini ugonjwa wenyewe si huko kucheza. Ugonjwa ni pale kiwango kinachochezewa kinapohama. Iwapo zamani ilikuwa ikicheza kwenye 120, sasa inacheza kwenye 155, ukiwa umeudhiwa au umebembelezwa. Mambo haya mawili hayafanani hata kidogo, na sisi tumeyapa kitenzi kimoja.

Kitenzi chenyewe ni cha zamani kuliko kipimo. Mkanda wa kujazwa upepo unaofungwa mkononi ulibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896 kule Torino. Mrusi Nikolai Korotkov ndiye aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba ukiweka kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua chini ya mkanda ule, sauti za damu zinakupa namba mbili badala ya moja. Wakati huo wote, huku pwani, kupanda kulikuwa na kazi nyingine katika mambo ya mwili. Pepo humpanda mtu kichwani. Anayepandwa huitwa kiti. Katika ngoma za kupunga, pepo akishapanda huulizwa anataka nini, akataja ubani, kitambaa, au kuku wa rangi fulani. Akipewa chake anashuka, kiti kinazinduka, na mama wa watu anarudi nyumbani kuchambua mchele wa usiku. Mpaka leo tunasema "amepandisha", na kila mtu anaelewa bila kuuliza amepandisha nini.

Sisemi kwamba wanaopanga foleni kliniki wanadhani wana maruhani. Ninachosema ni kwamba mfereji ulikwishachimbwa, na neno presha lilipokuja kutoka kwa Waingereza likatiririka humohumo. Kinakuja kitu, kinampanda mtu, kinatulizwa, kinaondoka. Malaria nayo ilipita njia hiyo. "Malaria imempanda kichwani" tunasema, na hapo usemi umelenga vizuri, kwa sababu katika malaria kali chembe za damu zenye vimelea hunasa kwenye vijishipa vya ubongo na mgonjwa huanza kuweweseka au kupoteza fahamu. Usemi huo umeokoa watoto wengi, maana mzazi akiutamka tu, usafiri unatafutwa usiku uleule.

Malaria ilitufundisha pia kupenda idadi. Maabara zilikuwa zikihesabu vimelea kwa kulinganisha na chembe nyeupe 200 za damu, jibu likaandikwa kwa namba, na mtaani namba ikawa ndiyo ugonjwa wenyewe: "Nimekutwa na malaria mbili." "Mimi nilikuwa nazo nane, baba, nilikuwa nakufa!" Mwenye mbili alionewa huruma kidogo, mwenye nane akaletewa machungwa. Vipimo vya haraka vilipoingia, vile vya tone la damu na mstari, jirani yangu mmoja alirudi nyumbani amenuna. Walimwambia ana malaria, hawakumwambia ngapi. Alijiona ameibiwa.

Kupenda namba kungetufaa sana kwenye presha, ila presha ina namba mbili na sisi tumezoea moja. Ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikamua, ya chini ni ule unaobaki moyo unapopumzika kabla ya pigo jingine. Watu wengi wanaondoka na ya juu tu: "Mimi nina mia na sitini." Ya chini inabaki mezani kwa nesi. Mke wangu yeye aliondoka nazo zote mbili, na ndiyo ikawa shida. Nesi alikuwa amemwambia "na ya chini nayo iko juu". Tukiwa njiani akasimama kabisa, akaniuliza: "Ya chini inakuwaje juu? Si ndiyo kusema nina zote mbili, ya kupanda na ya kushuka?"

Swali lake lilikuwa na mantiki kuliko majibu niliyokuwa nayo. Kwa Kiswahili cha mtaani kuna magonjwa mawili, presha ya kupanda na presha ya kushuka, na mtu huulizwa ana ipi kama anavyoulizwa kundi la damu. Ukishajitambulisha kuwa "mimi yangu ni ya kushuka", unabaki na kitambulisho hicho maisha yako yote. Mwenye kitambulisho hicho akisikia kizunguzungu sokoni, wenzake wanamkalisha, wanamletea soda baridi na kumlambisha chumvi. Pengine kweli imeshuka. Pengine iko 180 na anaongezewa chumvi na watu wanaompenda. Hakuna njia ya kujua kwa kizunguzungu peke yake, na mkanda wa kupimia hauuzwi gengeni.

Kuna na "presha ya macho", ambayo watu wengi huidhani ni presha ileile iliyozidi kupanda mpaka ikafika machoni. Hiyo ni shinikizo la maji yaliyomo ndani ya jicho, ina vipimo vyake na dawa zake. Mtu anaweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi huku jicho linakufa polepole. Na kuna gesi inayopanda kifuani. Hiyo naiogopa kuliko zote, kwa sababu kila maumivu ya kifua yameitwa gesi, na mwenye moyo unaokosa damu hupewa maji ya tangawizi na kupapaswa mgongo.

Nirudi kwenye dawa, maana kitenzi kinauma zaidi hapo. Kama presha ni kitu cha kupanda na kushuka, dawa inakuwa ya kushushia. Unaimeza ikipanda. Unajuaje imepanda? Kichwa kinagonga, shingo inakaza, au shemeji amekuja kukopa. Mjomba wangu aliishi hivyo miaka kumi. Baada ya mazishi tulifungua droo yake tukakuta pakiti tatu za amlodipini, kila moja imetobolewa vidonge viwili au vitatu. Hakuwa mzembe. Alikuwa mtu wa utaratibu kiasi cha kuweka stakabadhi za maji za miaka na miaka. Alikuwa akimeza dawa kwa mujibu wa lugha yake: kichwa kikigonga anameza, kikitulia anaacha, na kwa kuwa kichwa chake kilitulia siku nyingi, vidonge navyo vilitulia.

Presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Hilo halimo katika kitenzi kupanda. Na amlodipini, ambayo ndiyo utaikuta kwenye droo nyingi, haifanyi kazi kama ya maumivu. Inakaa mwilini muda mrefu, inajikusanya siku hadi siku, na hufikia kiwango chake kamili baada ya wiki moja hivi ya kumeza kila siku. Kumeza kimoja leo kwa sababu mwenye nyumba amekutukana ni sawa na kumwagilia shamba siku unayotaka kuvuna.

Siku ya mazishi ya mjomba nilisimama na kusema maneno tunayosema sote. Alikuwa mzima. Asubuhi kanywa chai, presha ikampanda ghafla, akaanguka bafuni. Sijui ni misiba mingapi nimekaa nikasikia habari hii, tena mara nyingi ni bafuni. Tunaisimulia kana kwamba sakafu ya bafu ndiyo iliyomuua, au kana kwamba presha ilivizia mpaka akavua nguo. Mtu hapati kiharusi kwa sababu ameanguka bafuni. Mara nyingi ameanguka kwa sababu kiharusi kimemkuta bafuni. Na presha haikupanda asubuhi ile. Ilikuwa juu miaka yote ile kumi, ikikaza na kuchakaza mishipa, huku tukimpongeza kwa kuwa na afya. Neno ghafla tunalolipenda msibani linafanya kazi moja kubwa: linatuondolea sote lawama za miaka kumi. Pia linamrudisha mtuhumiwa, kwa sababu lazima mtu aulize jana yake marehemu aligombana na nani. Nimeona wajane wakitazamwa kwa jicho hilo mbele ya jeneza.

Hata hivyo siwezi kukibebesha Kiswahili mzigo wa dunia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2023 ripoti yake ya kwanza ya dunia nzima kuhusu ugonjwa huu, ikataja watu wazima wapatao bilioni 1.3 wenye presha ya juu, karibu nusu yao hawajui kuwa wanayo, na kama mmoja tu kati ya watano ndiye aliyeidhibiti. Wengi wa hao hawajawahi kusikia neno kupanda. Dawa kukosekana, umbali, bei, foleni, yote hayo yapo. Ila kila watu wana mlango wao wa kukwepea ugonjwa usiouma, na wetu umeandikwa "imepanda tu, itashuka".

Wataalamu wa lugha na afya walijaribu kuufunga mlango huo kwa jina rasmi: shinikizo la juu la damu. Ni jina sahihi, na limekufa. Sijawahi kumsikia mtu akiomba ruhusa kazini kwa sababu ya shinikizo la juu la damu. Kwenye magazeti shinikizo ni lile linalomfanya kiongozi ajiuzulu. Nilimsomea mke wangu bango lenye maneno hayo pale pale kliniki. Akalitazama, akauliza: "Nani anamshinikiza?" Tukarudi kwenye benchi.

Lakini tunajua kwamba lugha ya ugonjwa inaweza kufundishwa upya, kwa sababu tumewahi kuifundisha. Dawa za bure za UKIMWI zilipoanza kusambazwa nchini mwaka 2004, zilikuja na neno: kufubaza. Dawa za kufubaza virusi. Kila mwenye kanga anajua kufubaa ni nini. Kanga iliyofubaa ingali kanga; haijachanika, haijapotea, rangi tu imekosa nguvu. Neno moja likasema yote: virusi vimo, havitoki, lakini havina makali, na ukiacha kumeza rangi inarudi. Leo hata mtu asiyejua kusoma anakwambia dawa zile humezwa kila siku na kwa saa ileile. Hujawahi kumsikia mtu akisema "leo virusi vimenipanda, ngoja nimeze kimoja". Woga wa "ukianza hutoki", ambao kwenye presha unawafanya watu waikimbie kliniki, kule uligeuzwa ukawa ndiyo masharti yenyewe ya kuishi.

Presha haijapata neno lake. Nesi wetu, bila kujua, alilikaribia. Alikataa kumpa mke wangu dawa siku ileile kwa kipimo cha siku moja, akamwambia arudi Jumatano na Jumamosi. Mke wangu akamuuliza arudi ya nini wakati imeshajulikana imepanda. Nesi akajibu: "Mimi sitaki kujua inapanda lini, mama. Nataka kujua inakaa wapi."

Inakaa wapi. Kitenzi hicho kinafaa. Kitu kinachokaa hakihitaji mtu wa kukipandisha. Kina anwani, na unaweza kukihamisha mtaa polepole. Ningekuwa na mamlaka, kila nesi angeuliza hivyo, na kila kadi ya kliniki ingeandikwa hivyo. Ukitaka kumwambia mtu ukweli kuhusu presha yake, mwambie inakaa 158, kisha uone kama atakutajia jina la mume.

Jumatano ilikuwa 156 kwa 100, Jumamosi 160 kwa 98, na mkoba nilioushika ulikuwa uleule. Akaandikiwa dawa, akaambiwa na mambo ya chumvi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyokwisha kujificha kwenye dagaa wa kukaushwa. Pigo kubwa lilikuwa embe bichi la chumvi na pilipili. Mimi nilipothubutu kusema mchicha haujakolea, niliambiwa kuudhi kwenyewe ndiko huko.

Sasa ni mwezi wa pili tangu aanze dawa. Ameweka vidonge karibu na chupa ya chai, na akishameza anatia alama kwenye kalenda ya ukutani, ile tuliyopewa na duka la vifaa vya ujenzi, kandokando ya tarehe za marejesho ya VICOBA. Nilikuwa naitazama juzi kwa furaha ya mtu anayeona kazi yake inaenda vizuri. Jumatatu ina alama, Jumanne, Jumatano, mpaka Jumamosi. Jumapili hakuna. Nikapandisha macho wiki ya juu yake, Jumapili hakuna. Na ya kabla yake.

Nikamwita. Akaja akifuta mikono na upande wa kanga, akaitazama kalenda, akanitazama mimi kama mtu anayeulizwa kwa nini hafungui mwavuli ndani ya nyumba.

"Jumapili si naimba kwaya asubuhi mpaka jioni, baba watoto. Huko nani ataniudhi?"